Kutembea na Msoma Mita

Elinami alisoma mita za maji miaka kumi na mmoja;
Arusha ameihifadhi kwa mageti na mbwa.
Leo Jumapili, hana daftari wala sare,
lakini Ngarenaro nzima shingo yake inainama yenyewe
kutafuta vifuniko vya chuma majanini.

"Mama mmoja Levolosi alinipa uji.
Mwingine, Mianzini, panga."

Unga Limited tunanusa pumba,
vumbi limetupaka hadi kope.
Themi tunauvuka kwa jiwe moja na nusu,
viatu mkononi, mimi nikilalamika,
yeye akiuliza: huu nao nani anausomea?

Njiro kuta ni ndefu. Anashusha sauti.
"Hapa nilibonyeza kengele, nikahesabu hadi mia
kabla pazia halijasogea."
Meru umevua wingu, bega tu,
kisha ukajifunika.

Jioni, Kijenge, mbele ya geti langu
anacheka peke yake.
Alikuja na spana siku ile, akanikuta sina kitu,
akakalia ndoo, tukaongea hadi giza.
Deni langu alilijua kabla ya jina.

"Ingia," nasema.
Anachuchumaa kwanza, anafuta kioo kwa kidole.
"Siku hizi unaoga."