Karatasi ya Kaki

Jumapili jioni, Barrow, mvua ya Mei inachapa madirisha.
Nimepanda kiti cha watoto, kifupi, kinalia chini yangu,
bunda la karatasi ya kaki kwapani.
Waraka umesema: chochote ukutani kiwezacho kumsaidia mtoto
kifunikwe kabla ya kesho saa tatu.

Nilianza na jedwali la kuzidisha.
Saba mara nane ikazama kwanza.
Kisha mito ya dunia, kisha orodha ya vielezi
ambayo Kester aliipamba kwa wino wa kijani,
akachora njiwa juu ya neno "ghafla".
Hapo nilisita. Njiwa naye atamwonyesha nani jibu?
Nikamfunika. Waraka haukutaja njiwa,
lakini haukumsamehe.

Jumatatu sarufi. Jumanne ufahamu:
kisa cha bustani ya matufaha, kurasa mbili,
Kester akaishia kwenye lango la bustani.
Jumatano hesabu.

Watoto ishirini na saba wa darasa la sita,
kila mmoja na meza yake, wamekatazwa kusalimiana hata kwa macho.
Bibi Thwaite akauinua mfuko tushuhudie haujaguswa,
akaukata kwa mkasi taratibu,
kama anayeogopa kuamsha kilichomo.

Kazi yangu ni kuketi ubavuni mwa Kester.
Herufi humkimbia; yeye husema zinatambaa.
Kwa hesabu naruhusiwa kumsomea swali:
kulitamka neno, si kulifungua.
Mlango nampa, kitasa nabaki nacho mfukoni.

Swali la tisa. Treni inaondoka mji wa kwanza saa mbili na robo...
"Inakwenda wapi?" akaninong'oneza.
Nikasoma tena.
"Ina watu ndani?"
Nikasoma tena, polepole zaidi,
kana kwamba polepole nayo ni maelezo.

Mtoto huyu (nataka kusema, na humu chumbani sisemi)
kila Jumamosi husimama uani na babu yake,
mzee Postlethwaite, aliyechomelea nyambizi miaka thelathini na sita,
shingo zimeelekea kusini.
Njiwa wameachiliwa Ufaransa alfajiri.
Yadi kwa dakika, upepo wa ubavuni,
muda unaoliwa na mvua kule Wales:
yote huyapiga kichwani, anakwaruza tofali kwa msumari,
anasema, "Yule wa kijivu, saa kumi na dakika ishirini."
Yule wa kijivu akatua saa kumi na dakika ishirini na tatu.
"Umekosea tatu," babu akamwambia,
naye akanuna hadi Jumanne.

Sasa anatazama ukuta.
Nikadhani anaitafuta saba mara nane.
La. Macho yako pembeni, juu,
gundi imeachia, kaki imeinama kama sikio la mbwa
na bawa la kijani linachungulia.

Kanuni inanitaka niinuke nikaibandike.
Nilitazama viatu vyangu.
Viatu vyangu vilikuwa na matope ya uwanjani, mengi,
yakinitosha kwa dakika nzima.

"Lisome tena," akasema, "ila usiseme treni."
"Siruhusiwi, Kester."
Nikasema treni. Akafumba macho.
Sijui aliona nini kikiruka humo ndani,
lakini penseli ilishuka, ikaandika tarakimu nne,
nami nikageuza uso, maana uso wangu nao
ungeweza kumsaidia mtoto.

Ijumaa niliibandua kaki.
Gundi iling'oa rangi kidogo hapa na pale.

Julai barua zikaja, zimefungwa.
Mia ndicho kizingiti.
Mzee Postlethwaite alisimama getini, miwani kwenye paji,
akausogeza ule mstari mbali, akausogeza karibu.
Tisini na saba.
"Tatu," akasema.
Akaikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa punje.
Kester alikuwa keshatangulia, anatazama juu,
na mbingu za Barrow siku hiyo
hazikufunikwa na mtu.