Chumba cha Tatu, Sur

Baisa mia tano. Viatu mlangoni.
Nyumba ilikuwa ya mwuza tende;
sasa kuta zimebeba picha,
nyingine zimepinda kidogo
kama mtu akusikilizaye kwa sikio moja.

Azzan, mtoto wa dada yangu, ametangulia mbio.
Hataki farasi. Hataki ngome.
Chumba cha tatu ndipo aliposimama:
jiko la makuti, moshi wa buluu,
mwanamke kajiinamia
juu ya ubao wenye ulimi wa chuma.

Kibao cha maelezo, Kiarabu chenye nukta safi:
"Mwanamke kwenye kiti kifupi."

"Hicho si kiti,"
nilisema, nikidhani nimesema moyoni.
"Si kiti hata!" mlinzi akadakia nyuma yangu,
Kiswahili cha Wete, hakijachujuka.
Bi Shinuna. Miaka kumi na mmoja na picha hii,
miaka kumi na mmoja akiwaambia wakubwa:
ni mbuzi.
Nao huikodolea macho turubai
wakitafuta pembe.

Azzan naye anatafuta.
"Yuko wapi huyo mbuzi?"

Basi nikachuchumaa, na umri huu,
juu ya zulia la watu,
nikazungusha kifuu kisichokuwepo,
krr, krr,
na chicha ikaanguka pasipo sahani.
Mtoto akatazama magoti yangu, akatazama picha,
halafu, taratibu,
akanusa.

Kwenye daftari la wageni niliandika neno moja.
Bi Shinuna alilisoma,
akaligonga muhuri wa tarehe,
akafunga.