Sukari ya Mia

Daftari la mama lina jalada la bluu,
nyuma yake jedwali la kuzidisha,
mbele jina la kaka yangu, Hashili, Darasa la Nne B,
limekatwa kwa kalamu nyekundu,
na chini yake: MAPISHI.
Kaka alilitafuta wiki nzima, akachapwa shuleni.
Nyumbani hakuna aliyesema kitu.

Ukurasa wa tatu, wenye doa la tui,
ni mkate wa kumimina.
Mchele vikombe viwili, kile chenye ufa.
Hamira ya kutosha.
Iliki mpaka isikike.
Sukari ya mia.

Sukari ya mia!
Mia ya mwaka gani, mama?

Asubuhi hii redio ya Mama Ndeshi, ukutani kwetu,
imetangaza kuwa sukari imepanda tena.
Wakubwa wanasema ni meli, wenye maghala wanasema ni mvua,
Mama Ndeshi anasema ni sisi na chai yetu.
Mia ya leo, hapa Magomeni,
utapewa pipi moja
na utatazamwa mara mbili.

Nimejaribu mara tatu.
Wa kwanza ulikuwa uji uliogoma.
Wa pili LUKU iliisha, oveni ikapoa
mkate ukiwa bado unafikiri.
Wa tatu ukaumuka, ukatoboka matundu kama sega,
wanangu wakala, wakaramba sinia,
na mimi nikijua kabisa kwamba siyo wenyewe.
Ulimi hauna cheti, lakini haudanganyiki.

Nikaenda kwa Mangi Lyatuu.
Siku hizi anakaa tu mlangoni, sikio moja limefunga,
mwanawe ndiye anauza vocha na mitungi ya gesi.
Nikapaza sauti mpaka wapita njia wakageuka:
Sukari ya mia, mwaka ule mimi niko la pili,
ilikuwa kiasi gani?

"Mama Hashili?" akasema.
"Mama yako hakuwa ananunua ya mia.
Alikuwa analipa mia.
Alikuwa anachukua nusu kilo."

Akainama chini ya kaunta, akasukuma maboksi ya viberiti,
akatoa daftari. Jalada la bluu.
Jedwali lilelile nyuma, saba mara nane lilelile.
Mbele: MADENI.

Tukasoma kwa kidole.
Mama Hashili, sukari nusu, kalipa mia.
Mama Hashili, hamira kijiko.
Mama Hashili, siagi ya kupima; pamefutwa; mafuta ya kupima.
Mama Hashili, mayai mawili, mtoto anaumwa.
Mtoto huyo ni mimi. Mayai yale nayakumbuka.
Surua siikumbuki.

Kumbe kitabu kilikuwa viwili,
kimoja jikoni, kimoja dukani,
na mimi miaka yote nimepika kutoka nusu.
Aliandika alicholipa tu.
Kilichobaki hakuona haki kukiita chake.

Mstari wa mwisho kabisa haukukatwa.
Mia tatu na hamsini, mwezi aliougua.
Nikatoa sarafu ya mia tano.
Mangi akaipokea bila kubisha, nikamshukuru moyoni;
akaigeuza upande wa nyati, akachukua kalamu,
akakata mstari polepole, kwa rula.
Chenji hana.
Akanifungia iliki, punje tisa,
kwenye kipande cha gazeti kilichoandikwa
BEI YA SUKARI KU
na kilichofuata kimebaki kwenye gazeti.

Nimerudi. Nimechukua kalamu ya mwanangu.
Pale penye "sukari ya mia"
nimeongeza, kwa mwandiko mdogo, usimzidi wake:
na deni.

Mchele nimeuroweka.
Kesho, kama uniti zitatosha.