Fundo

Sheria yao ilikuwa fupi:
saa haisimami mpaka mguu wa nne uvuke mstari.
Watatu wakifika bila mmoja, hawajafika.

Ambakisye, fundi baiskeli wa Uyole,
huzungumza na minyororo kuliko na watu.
Subilaga, muuguzi, zamu za usiku zimemfunza
kusinzia akiwa wima.
Tweve wa Matamba, dalali wa viazi, mdomo mali yake.
Na mimi, mwalimu wa jiografia,
niliyekabidhiwa ramani kwa heshima ya cheti.

Chimala tuliondoka kabla jogoo hajakohoa.
Kona hamsini na saba kupanda mlima.
Nilizihesabu hadi ya thelathini na moja,
kisha nikahesabu pumzi,
kisha madeni.
Huko chini Usangu imejitandaza, haina habari nasi.
Tweve alitaja bei za magunia njia nzima.
Matamba akanyamaza.
Mama yake alikuwa kando ya barabara na sufuria ya uji,
kaambiwa kumsaidia mshindani ni kosa.
Hakumwita. Aliishika tu ile sufuria kwa khanga,
mvuke ukipanda,
nasi tukapita.

Kitulo tuliingia kwa miguu.
Ukungu hatukuuona ukija, tuliukuta umeshakaa.
Miaka kumi na mmoja nimechora kontua ubaoni,
nimewapa watoto wa watu sifuri,
na sasa kontua zote ni nyasi, nyasi, ng'ombe, nyasi.
Ng'ombe akanitazama kama mkaguzi wa elimu.
"Kushoto," nikasema.
Tukaenda kushoto saa mbili nzima.
Tukakuta nyayo mbichi topeni, jozi nne.
Tukashangilia: kumbe kuna timu tunaikaribia!
Ambakisye akainama, akapima kwa kiganja,
akainua kiatu chake, akatazama soli.

Zilikuwa zetu.

Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana.
Subilaga alitoa kamba, akatufunga viunoni mmoja mmoja
kama anayefunga bandeji,
kwangu akakaza zaidi.

Akatokea binti na mzigo wa kuni kichwani.
"Mnakimbia nini?"
Tukamgeukia Tweve, ambaye ana jibu la kila kitu.
Hakuwa nalo.
Binti akatuelekeza njia kwa midomo, bila kutua mzigo,
akashuka bonde, peku,
na kabla hatujakaza kamba za viatu
alikuwa ng'ambo ya pili.

Usiku, chini ya Isyonje, goti la Tweve likagoma.
"Niacheni hapa, nifie viazini."
"Vya nani?" akauliza Ambakisye,
neno lake la kwanza tangu asubuhi.
Tulicheka mpaka tukakaa chini,
na kukaa kulituponza, maana kuinuka
kulihitaji watu wanne.
Begi lake akalichukua Subilaga. Mkono wake nikaubeba mimi.
Ramani nikampa yeye aishike:
hakuijua kaskazini wala kusini,
ila kila shamba alilijua kwa jina la mdeni wake.
Hivyo ndivyo tulivyofika Tukuyu,
toka mdeni hadi mdeni, mvua ikitusindikiza.

Masoko, boti ya mpira, asubuhi ya pili.
Kila mtu na kasia lake, kila kasia na akili yake.
Tulizunguka pale pale kama kuku aliyechinjwa
mpaka dalali akaanza kupima:
debe moja! debe la pili! la tatu!
nasi tukavuta kwa debe,
maji meusi yakikatika sawasawa,
na gunia lilipojaa, tulikuwa ufukweni.

Mguu wa nne ulikuwa wake, ule mbovu.
Aliuburuta juu ya mstari kama anayevuta mbuzi.
Wa tisa. Waliobaki mashindanoni walikuwa tisa.

Fundo lilikuwa limelowa, vidole vimekufa ganzi.
Mtu akaleta kisu. Ambakisye akakataa:
kamba nzima haikatwi.
Basi tukakalishwa vile vile mbele ya sinia la viazi,
na kila mmoja alipoinama kufuata chumvi
wote tukainama.