Puli Nyekundu

Ilifika kwa posta kutoka Bergen,
imeviringishwa ndani ya soksi mbili za sufu:
puli ya alumini, nyekundu kama ulimi wenye homa,
nyepesi hata nikairusha juu nikaidaka kwa mkono mmoja.
Kaka yangu Žydrūnas alikuwa ameandika kwenye kipande cha boksi:
*Ng'oa hilo jiwe la kusagia la kiwandani.
Gari litaruka.*

Sikuwa na haja ya gari kuruka.
Nina zamu za usiku hospitalini Šiauliai,
kilomita ishirini na sita za barafu na magari ya chumvi.
Lakini zawadi ya ndugu haikai kabatini.
Jumamosi nikafungua gereji yetu, namba mia na kumi na nne,
nikaning'inia kwenye spana mpaka bolti ikalia, ikaachia.
Ile ya zamani nikaitundika msumarini.

Na kweli, iliruka.
Mgeni siku mbili.
Siku ya tatu nikampa jembe, akaanza kulia.

Kwanza mkanda: mlio wa paka kila asubuhi yenye ukungu.
Puli ndogo, mkanda mrefu; nikanunua mfupi. Paka akanyamaza.
Kisha taa ya betri, inakonyeza kwenye kila taa nyekundu ya barabarani.
Nikabadilisha betri. Ikaendelea kukonyeza.
Nikashika mita: volti kumi na mbili na nukta tatu,
gari limesimama, hita imewashwa, taa zimefifia
kama macho yangu saa kumi za alfajiri.
Nikikanyaga mafuta, kumi na nne. Nikiachia, kumi na mbili.
Alternata haikuwa mbovu. Ilikuwa inazungushwa polepole tu.

Hilo ningelivumilia. Ningezima hita, ningevaa soksi za Bergen.
Ila kwenye mizunguko elfu tatu usukani ukaanza kutetemeka,
mtetemo mdogo, wa ndani,
ule ninaouhisi kwenye kifundo cha mgonjwa kabla mashine haijasema.
Algimantas wa gereji ya jirani akatega sikio:
"Mipira ya kushikilia injini." Yuro sitini. Haikuwa hiyo.
"Plagi, basi." Haikuwa plagi.
Nikalaza rula juu ya puli zote, kama fundi seremala;
zimenyooka, mstari mmoja.

Hapo ndipo nilipoitazama ile ya msumarini.
Nikaishusha. Nzito, mikono ilishuka nayo.
Chini ya balbu nikaona, baada ya miaka tisa ya kuimiliki,
kwamba haikuwa chuma kimoja. Ni viwili,
na katikati yao utepe wa mpira mweusi
usiozidi upana wa ukucha.
Kila pistoni inapopigwa, shafti hujisokota kidogo,
na mpira huu humeza.
Haufanyi kazi nyingine. Humeza tu,
usiku kucha, bila taa yoyote kwenye dashibodi
ya kutuambia kwamba upo.

Niliirudisha Machi, vidole vimekufa ganzi.
Kila Jumapili Žydrūnas alipiga simu:
"Linaruka?"
"Linaruka," nikasema.

Mkesha wa Krismasi nikampokea kituo cha basi.
Tukaenda kimya, yeye mkono juu ya dashibodi,
kiganja kimelala kama cha daktari.
"Umeitoa," akasema.
Nikatafuta uongo, nikaukosa. Theluji ilikuwa inaanguka kwa pembe.
"Tangu lini umejua?"
"Machi. Ulinipigia ukiwa ndani ya gari.
Nilikusikia wewe. Sikulisikia gari."

Tulipita daraja, tukapita kiwanda cha sukari.
Ndipo akacheka, akijikuna sikio:
"Yangu niliitoa Februari.
Niliona haya kukuambia."