Spana Namba Kumi na Tatu

Jumanne nilibeba giaboksi iliyokufa
ndani ya kreti ya mkate, nikaitua
juu ya meza ya mwalimu wa fizikia, hapa Dauphin,
nje nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Nimezoea injini, sijazoea madarasa.
Nikataja jina, Orest Hnatiuk, gereji
ya jirani na maghala ya ngano; nikasema
mafundi wangu wamezeeka, mikono yao
hutetemeka mpaka wapate chai.
Vijana wakatazama simu zao.

Nikazungusha shafti. Ikakwaruza.
"Nani anausikia ugonjwa?"
Kimya. Kisha nyuma kabisa, msichana,
hata mkono hakunyoosha:
"Beringi. Ya nyuma. Na kwa saa unalipa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka.
Nikamtajia. Akasema ni kidogo.
Nikaongeza dola moja na nusu
mbele ya mwalimu mkuu na fomu zake tatu.

Alhamisi, saa tisa u nusu, Brynn Chartrand
akaingia na theluji mabegani,
akatundika begi la shule
kwenye msumari wa marehemu Wasyl,
msumari ambao miaka minne
hakuna aliyethubutu kuutundikia hata kofia.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.
Nikampa spana namba kumi na tatu.

Jioni aliirudisha mahali si pake,
kati ya kumi na saba na kumi na tisa.
Nimezima taa.
Nimeiacha papo hapo.