Ufizi wa Bibi

Kokwa moja ya tende, Ibra, mchana wa Idi Mosi,
na ufizi wa plastiki wa Bi Shinuna
ukapasuka katikati.
Akaniita. Herufi F ya jina langu
ikatoka upepo mtupu: Na…la.

Maabara, Ruwi. Napima unga wa zirkonia,
chembe ambazo jicho halizioni
wala ulimi hauzigusi.
Kidogo tu. Nikizidisha zinagandana,
na zinapogandana ndipo ufa huanzia.
Mashine imeshavunja vipande kumi na vinne.
Cha kumi na tano kikapinda, kikanuna,
hakikukatika.

"Umetia nini humu?"
"Vumbi, bibi."
Akatafuna hewa, kimya, akipima.
Kisha: "Nafla,
niletee tende.
Hizo zenye kokwa."